Pole Bila Daftari

Umoja wa Afrika ulipoutangaza mwaka 2025 kuwa mwaka wa haki na fidia kwa Waafrika na watu wenye asili ya Afrika, kisha ukaongeza muongo mzima kuanzia 2026, kejeli niliyoisikia zaidi ilikuwa moja: bakuli ni lile lile, limepakwa rangi tu. Jana tuliomba misaada, leo tunaomba fidia. Na wanaosema hivyo si Wazungu. Wengi ni vijana wa hapa hapa, waliochoka kuona kila barabara mbovu na kila zahanati isiyo na dawa ikisingiziwa mkoloni aliyeondoka kabla wazazi wao hawajazaliwa. Uchovu wao nauelewa, ila hoja yenyewe wameishika miguu juu kichwa chini. Anayedai fidia haombi sadaka, anadai hesabu. Jambo ambalo dola za Ulaya zimelikwepa kwa zaidi ya miaka mia si kutoa fedha; fedha huzitoa, tena kwa mbwembwe na wapiga picha. Wanachokwepa ni kufungua daftari: nani aliuawa, kwa amri ya nani, mifupa yake iko wapi, shamba lake lilikwenda kwa nani. Na kurasa kadhaa za daftari hilo, tusijifiche, zimo kwenye makabati ya serikali zetu wenyewe.

Tazama siku mbili za mwaka 2023 ambazo vyombo vya habari vilizifunga kwenye furushi moja. Tarehe 31 Oktoba, Mfalme Charles wa Uingereza alisimama Nairobi akasema vitendo vya ukatili vya kuchukiza na visivyo na utetezi vilitendwa dhidi ya Wakenya walipopigania uhuru, na kwamba yaliyopita yanampa huzuni na majuto makubwa. Kesho yake, 1 Novemba, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, kusini mwa Tanzania, na yeye akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu wale. Magazeti yakaandika kwamba Ulaya inajutia ukoloni. Lakini Kiswahili hakichanganyi mambo hayo. Pole unaweza kumpa mtu yeyote: mgonjwa, mfiwa, hata abiria mwenzako aliyejikwaa akipanda basi. Hujamkosea, unashiriki maumivu yake tu. Radhi huombwa na mkosaji, na akishaiomba anatarajiwa ataje kosa. Hata kwenye kikao cha wazee mkosaji haanzi na mbuzi wa faini, anaanza na kukiri. Mfalme alitoa pole. Angalia hata sarufi yake: vitendo "vilitendwa". Na nani? Kauli ya kutendwa ina faida zake, na moja ni kumficha mtendaji.

Maneno hayo hayakuteleza ulimini. Mwezi Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari, mkoloni alipopambana na wapiganaji wa Mau Mau, jumla ya pauni milioni 19.9. Siku hiyo hiyo Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, aliliambia Bunge kwamba serikali yake inasikitika kwa dhati, lakini inaendelea kukana kuwajibika kisheria kwa vitendo vya utawala wa kikoloni. Fedha zikatoka, kukiri hakukutoka. Wanaodhani fedha ndiyo sehemu ngumu wangetafakari hapo kidogo.

Kwa nini kukiri ni kugumu hivyo? Kwa sababu ukatili wa ukoloni, kinyume na tulivyozoea kuambiwa, haukuwa hasira ya askari wachache waliolewa jua la kitropiki. Ulikuwa kazi ya ofisi. Ulikuwa na amri, ripoti, bajeti na kumbukumbu. Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani vilianza Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, kusini mwa Tanzania ya leo, na tendo la kwanza la waasi halikuwa kumpiga mtu. Waling'oa miche ya pamba kule Nandete, pamba waliyolazimishwa kuilima kwenye mashamba ya serikali wakati mashamba yao ya chakula yanaota magugu. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyewapa maji ya kuwakinga na risasi, alinyongwa mwezi uliofuata, lakini vita vikaenea hadi Ungoni, nchi ya Wangoni. Tunaifundisha habari hii mashuleni kama kisa cha maji yaliyoshindwa na risasi. Hapo ndipo tunapoikosa. Risasi haikuwa silaha kuu. Oktoba 1905 ofisa mmoja wa Kijerumani, Kapteni Wangenheim, alimwandikia gavana wake kwamba mapigano peke yake ni tone baharini, na kwamba ni njaa na ufukara tu vitakavyowanyenyekeza watu moja kwa moja. Maghala yakachomwa, mashamba yakateketezwa, mbegu zikaporwa, na wakulima wakazuiwa kupanda. Wanahistoria wengi hukadiria waliokufa kati ya 200,000 na 300,000, sehemu kubwa kwa njaa. Upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 15. Askari wao Waafrika walikufa 389, na nitarudi kwao.

Njaa ya namna hiyo haiishi siku mvua inaporudi. Nchi iliyokuwa na vijiji ikawa pori, pori likaleta nguruwe na tembo, tembo wakala kilichopandwa na wachache waliobaki, mbung'o wakafuata wanyama. Baadhi ya ardhi ile iliyopoteza watu wake imo leo ndani ya pori la akiba tulilolizoea kwa jina la Selous, Mwingereza aliyeuawa kwa risasi huko huko mwaka 1917 katika vita vya Wazungu wenyewe. Sehemu yake sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mtalii anapiga picha ya twiga na kuandika kwamba ameiona Afrika ambayo haijaguswa na mtu. Iliguswa sana.

Kongo ndiko daftari lilikokuwa la kutisha kuliko kote. Chini ya Mfalme Leopold II, kuanzia 1885 hadi 1908, vijiji viliwekewa kiwango cha mpira wa mwituni, na askari wa Force Publique, jeshi la koloni hilo, wakatumwa kuhakikisha kiwango kinatimia. Sasa, risasi zilitoka Ulaya kwa gharama, na wakubwa hawakutaka zipotee kwenye kuwinda nyama. Ikawa kila risasi iliyotumika lazima iletewe ushahidi wa maiti: mkono wa kulia. Askari aliyekuwa amepiga swala akakata mkono wa mtu aliye hai ili hesabu isawazike. Mikono ilibebwa kwenye vikapu. Ipo picha iliyopigwa mwaka 1904 na mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, ya mwanamume aitwaye Nsala ameketi ukingoni mwa baraza, magoti ameyakunja, anatazama vitu viwili vidogo vilivyo mbele yake. Ni mkono na mguu wa binti yake. Halii, hapigi kelele, anatazama tu. Watu huitazama picha hiyo wakaona ushenzi. Mimi naona uhasibu. Na Leopold alipolazimishwa kuikabidhi Kongo kwa taifa la Ubelgiji mwaka 1908, tanuri za Brussels zilichoma nyaraka za dola yake kwa siku nane. Mtu mwenye dhamiri safi hachomi karatasi kwa wiki nzima. Mwaka 2022 mjukuu wa ukoo wake, Mfalme Philippe, alifika Kinshasa akaeleza majuto yake ya dhati kabisa. Pole tena.

Waingereza walipoondoka Afrika Mashariki walifanya vile vile, kwa utaratibu zaidi. Mwaka 1961 maelekezo yalitolewa kwamba nyaraka zinazoweza kuiaibisha Serikali ya Malkia zisikabidhiwe kwa serikali mpya. Nyingine zilichomwa, nyingine ziliruhusiwa kuzamishwa kwenye maji ya kina kirefu yasiyo na mkondo, ndani ya masanduku yaliyowekewa uzito. Nyingine zikasafirishwa kimya kimya hadi Uingereza. Nusu karne nzima serikali hiyo haikusema kitu, mpaka kesi ya wazee wa Mau Mau mahakamani London ilipoibana, na mwaka 2011 ikakiri kwamba katika ghala la Hanslope Park kulikuwa na mafaili yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37. Hapo ndipo ilipothibitika kwa maandishi yao wenyewe kile ambacho wazee wale walikuwa wakisimulia miaka yote na kuitwa waongo.

Na uongo ulikuwa sehemu ya utawala. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola nchini Kenya, wafungwa wa Mau Mau waliokataa kulazimishwa kuchimba walipigwa marungu na walinzi hadi 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Ofisi nzima ilikaa, ikaandika, ikapiga muhuri kwamba watu 11 wenye mifupa iliyovunjika wameuawa na maji.

Sasa tuje kwa wapinzani wa hoja hii, na nianze na dhaifu kuliko zote kwa sababu ndiyo yenye sauti kubwa: kwamba mkoloni alijenga reli, shule na hospitali. Reli alijenga. Itazame kwenye ramani: inatoka shambani au mgodini inakwenda bandarini, na mara chache inaunganisha mji wa Waafrika na mji mwingine wa Waafrika. Ile ya Congo-Océan, iliyojengwa na Ufaransa kati ya 1921 na 1934, iliua vibarua wa shuruti wasiopungua 17,000. Kuhusu shule, Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, baada ya miaka 75 ya huo ustaarabu, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30. Mwalimu Nyerere alizoea kueleza kwamba Tanganyika ilirithi wahandisi wawili na madaktari 12. Kodi ya kichwa na ya nyumba iliyojenga hivyo vichache tulilipa sisi. Mwizi aliyejenga ngazi ili aingie dirishani hadai shukrani ya ngazi.

Hoja ya pili ina heshima zaidi, nayo hujificha ndani ya methali yetu wenyewe: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Waliotenda wamekufa, waliotendewa wamekufa, kwa nini mlipa kodi wa leo wa Berlin au London abebe mzigo wa babu yake? Jibu ni kwamba dola si mtu, haifi na babu. Dola hizo zinalijua hilo vizuri pale deni linapowafaidi wao. Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya 1833, ilikopa ili kutenga pauni milioni 20 za kuwafidia wenye watumwa, si watumwa, na mkopo huo ulimalizika kulipwa mwaka 2015. Walipa kodi waliozaliwa karne moja na nusu baadaye waliendelea kulilipia deni la mabwana, na hakuna aliyewaambia yaliyopita si ndwele. Hapa kwetu ni hivyo hivyo: amri ya Zanzibar ya 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa chini ya Waingereza iliweka fidia kwa wenye watumwa. Mtumwa mwenyewe alitakiwa aende mahakamani kuomba uhuru wake. Fidia, kumbe, si wazo geni la wanaharakati wa leo. Ilikuwepo, ila ililipwa upande mwingine.

Na methali hiyo ina sharti lake. Inasema si ndwele. Kama bado ni ndwele je?

Hoja ya tatu ndiyo inayonitoa jasho, na sitaki kuipita kwa haraka. Inasema: wakatili hawakuwa Wazungu peke yao, na Waafrika walioingia Ikulu walikalia kiti kile kile. Ni kweli. Wale askari 389 waliokufa wakimpigania Mjerumani walikuwa Waafrika, na ndio waliochoma maghala ya Ungoni. Walinzi wa Hola walikuwa Waafrika. Waliokuwa na bunduki na mshahara walitumika dhidi ya wasio na bunduki wala mshahara, na familia nyingi zilizokuwa karibu na mkoloni ndizo zilizokuwa karibu na hati za ardhi bendera ilipobadilishwa. Kenya ndiyo mfano ulio wazi. Ardhi ya nyanda za juu ilichukuliwa kwa sheria za 1902 na 1915, nyingine kwa hati za miaka 999. Uhuru ulipokaribia, haikurudishwa, iliuzwa. Serikali ilikopa kutoka Uingereza na Benki ya Dunia ili kuwalipa walowezi, kisha mkulima akagawiwa kipande kwa mkopo. Aliyenyang'anywa shamba akatakiwa alinunue kwa aliyemnyang'anya, kwa fedha za kukopa kwa serikali ya mnyang'anyi. Na serikali huru ikatia saini. Kuhusu Mau Mau wenyewe, marufuku ya mkoloni dhidi ya chama chao ilifutwa mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Muda wote huo mtu aliyeteswa Hola alikuwa, kisheria, mwanachama wa kikundi haramu ndani ya nchi aliyoipigania.

Kwetu Tanzania hatuna sababu ya kucheka. Tume ya Jaji Nyalali, iliyoundwa kuchunguza mfumo wa chama kimoja au vingi, mwaka 1991 iliorodhesha sheria 40 kandamizi zilizostahili kufutwa au kurekebishwa, na kadhaa kati yake ziliandikwa na gavana wa Kiingereza: ya adhabu ya pamoja kwa kijiji kizima, ya kumhamisha mtu kwa nguvu kutoka eneo lake, ya kuwaondoa mjini wasiotakiwa. Sheria hizo hazikusahaulika kwenye rafu. Zilibaki kwa sababu zilimfaa aliyezikuta, na nyingine tulizitunga wenyewe tukiwa huru, kwa kalamu iliyofundishwa na mkoloni. Kwa hiyo kijana anayesema viongozi wetu wanajificha nyuma ya ukoloni amesema kweli nusu. Hawajifichi nyuma ya ukoloni tu, wamekalia vifaa vyake. Lakini hitimisho lake, kwamba kwa hiyo madai yafungwe, halitoki kwenye ushahidi huo. Mrithi aliyeendelea kutumia panga la muuaji anaongeza idadi ya wanaopaswa kutoa maelezo. Hampunguzi wa kwanza.

Ndiyo maana naogopa fidia inayokuja kama mfuko wa fedha pekee, na Namibia imeshatuonyesha inavyokuwa. Tarehe 2 Oktoba 1904 Jenerali Lothar von Trotha alitoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya koloni hilo la Ujerumani apigwe risasi. Waherero wanaokadiriwa kufikia asilimia 80 na karibu nusu ya Wanama waliangamia, kwa risasi, kwa kiu jangwani na kwenye kambi kama ile ya kisiwa cha Shark. Mwezi Mei 2021 Ujerumani ilikubali kuyaita hayo mauaji ya kimbari, ila "kwa mtazamo wa leo", maneno manne yaliyochaguliwa na wanasheria, kwa sababu mtazamo wa wakati ule ndio ungeleta dhima. Ikaahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, lakini kama miradi ya maendeleo, si fidia. Viongozi wengi wa Waherero na Wanama walikataa, wakisema mazungumzo yalifanyika kati ya serikali mbili huku wenye msiba wakiwa nje. Kwenye mpango huo mjukuu wa aliyeuawa anapewa kisima na kuambiwa ashukuru. Hayo ndiyo bakuli lile lile, na waliolishika si waombaji.

Kinachotakiwa kitangulie hakihitaji bilioni. Mafaili yote, nakala zake na orodha zake, yarudi Nairobi, Dodoma, Kampala, Kinshasa, yakae mahali mwananchi anapoweza kuyasoma bila barua ya waziri, na serikali zetu zifungue ya kwao kwa masharti hayo hayo. Kisha mifupa. Nilipofika Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, kilichonisimamisha si kaburi la pamoja la watu 66 walionyongwa mwanzoni mwa 1906. Ni lile jingine la peke yake, la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni. Mwongoza wageni alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshasema jambo hilo mara elfu, kwamba humo ndani kuna kiwiliwili tu. Kichwa kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, na Steinmeier aliahidi kusaidia kukitafuta. Kwamba inawezekana tunajua. Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ndani ya miezi sita. Lilifika Kalenga, Iringa, mwaka 1954. Na mwaka 2023 wataalamu wa Berlin, kati ya mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki waliyoyachunguza, walipata kwa vipimo vya vinasaba ndugu walio hai wa baadhi ya watu hao huko Kilimanjaro. Mafuvu yale yalikuwa na maandishi, yamewekwa kwenye maboksi, yamepewa namba. Hayakuwahi kupotea.

Kule Kenya, Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957 akazikwa ndani ya gereza kwenye kaburi lisilo na alama. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliziomba serikali zote zilizopita, ya kwanza hadi ya mwisho, zimwonyeshe mume wake alipo ili amzike. Alifariki Mei 2023. Miezi sita ilikuwa haijatimia ndege ya Mfalme ilipotua Nairobi.